Mama Vidole na Kichwa cha Bintiye

Wateja ndio waliompa jina la Mama Vidole, wala halikuwa la kejeli. Kwenye saluni ile ya viti vitatu na sinki linalovuja, kazi yake ilikuwa moja tu, kukanda vichwa. Wengine wasuke, wengine waoshe. Yeye alipasha mafuta kwenye kikombe kilichotumbukizwa katika maji ya moto, akaanza utosini, akashuka pande zote mbili za paji la uso, akazunguka nyuma ya masikio, akamalizia kisogoni. Mtu aliyeingia amenuna alitoka amelegea, akiutafuta mkoba ulio begani mwake mwenyewe.

Shida ni kwamba kichwa kikikandwa, mdomo nao hufunguka. Watu walimmwagia mambo ambayo hata mito yao ya kulalia haikuyajua: nani kamwacha nani, nani anamwombea mama mkwe afe. Angeyabeba yote angekuwa mwehu zamani, kwa hiyo aliyazoeza masikio kuyapitisha. "Mm, pole," alisema, na mikono ikaendelea na safari yake. Ikifika mwisho ilimgonga mteja begani mara mbili, taratibu. Maana yake, amka, mwenzio anasubiri. Hakuhitaji saa.

Basi, binti yake wa pekee akafiwa na mtoto. Kichanga kililala kizima, asubuhi hakikuamka. Mume akamleta binti kwa mama yake apumzike kidogo, na yeye mwenyewe akapumzika moja kwa moja, maana hakuonekana tena. Binti hakulia. Hakula ila kwa kubembelezwa. Alilala ameuelekea ukuta, na kila mama alipomgusa kichwa, alikikwepesha. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini hata mwanawe jamani? Mama Vidole alirudi kila jioni na vidole vinavyonukia vichwa vya watu, akakaa karibu na mlango wa chumba, akiumia. Alijua kuna kitu kimemkaba mwanawe kooni, na kisipotoka kitamuua.

Jumapili moja mchana, bila kuitwa, binti alitoka chumbani akaketi sakafuni kati ya magoti ya mama yake, kama enzi zile za kusukwa kwenda shule.

"Nikande na mimi, mama."

Mama hata mafuta hakupasha, aliogopa kuinuka. Alianza utosini. Alipofika nyuma ya masikio alihisi shingo ya mwanawe ikilegea, kisha tone la chozi la moto likamdondokea mguuni. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Ndipo binti akaanza.

"Alilia, mama. Alfajiri ile. Nilimsikia, nilikuwa macho. Ila nilichoka, nikasema moyoni, ngoja kwanza. Halafu nika..."

"Mm, pole," alisema Mama Vidole. Mikono ilikuwa imeshafika kisogoni. Ikamgonga binti begani mara mbili, taratibu.

Hakuna aliyeituma. Mazoea yana taabu, na taabu nyingine haziombewi msamaha. Binti alijifuta uso kwa kiganja, akainuka.

"Kaa, mwanangu. Sijamaliza. Nakusikiliza, halafu uka nini?"

"Asante, mama. Nimepumzika," alisema binti, kwa sauti ile ile ya wateja wanapoaga, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Tangu hapo Mama Vidole hamgongi mtu begani. Wateja wanalala mpaka wanakoroma, bosi anafoka kwamba foleni haisogei, naye amesimama mikono hewani, hathubutu. Akirudi nyumbani anainawa kwa sabuni mara mbilimbili, anaketi pale pale, magoti ameyaachanisha, anaita. Siku nyingi hajibiwi. Jana alijibiwa, mlango ukiwa umefungwa.

"Pumzika, mama. Umeshinda na vichwa vya watu."

Alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Yale maneno yaliyokatika amejaribu kuyamalizia mwenyewe kila namna, na kila namna inamtisha kuliko iliyotangulia. Anayeyajua yuko nyuma ya mlango. Halii, na chakula hakigusi.