Mwalimu Aliyeninyang'anya Armadilo

Kabla yule mwalimu wa sayansi hajahamia Dallas kutoka Houston, binti yangu alikuwa ananiuliza mimi. Kila kitu. Shule mimi niliiacha mapema, nilipoona mwalimu ana kiboko na mimi nina miguu, lakini jibu halijawahi kunikosa. Aliuliza mbona Texas ina joto hivi, nikamwambia Mungu aliipika ya mwisho, malaika wakamwita kidogo, akasahau kuzima jiko. Aliuliza mbona ndege haianguki, nikamwambia inaanguka kila siku, shida ni kwamba haipati parking. Kazi yangu ilikuwa kudraivu basi dogo la uwanja wa ndege, nawatoa watu mlangoni nawapeleka kwa magari ya kukodi, na kwa hicho kipande kifupi cha barabara abiria alikuwa anashuka akijua niliwahi kumfukuza simba na mwiko. Sembuse mtoto wangu mwenyewe?

Jibu nililolipenda kuliko yote lilikuwa la armadilo. Huyo ni mnyama wa Texas, mkubwa kama paka aliyeshiba, mgongo wake gamba gumu kama sufuria. Ukimwona utaapa ni jamaa ya kakakuona wa kwetu. Mara nyingi unamkuta kando ya barabara amelala chali, marehemu. Binti aliuliza gamba ni la nini. Nikamwambia huyo alikuwa askari wa Farao. Bahari ya Shamu ilipojifunga, wenzake wakazama wote, yeye akajificha chini ya ngao, maji yakamsukuma mpaka Texas, na mpaka wa leo anaogopa kuivua. Mtoto alicheka soda ikamtokea puani. Hiyo soda puani, mimi ningeweza kuishi nayo mwaka mzima bila kula.

Sasa jamaa akaja. Kanisani kwetu, kanisa la Wakenya, mgeni lazima asimame ajitambulishe. Akasimama kijana mrefu kama antena, tai imenyooka, Bwana asifiwe, ameokoka, anafundisha bayolojia shule ya upili. Mwalimu wa sayansi na ameokoka! Kina mama walimwitikia Amen iliyotingisha madirisha. Mimi nikitoa ushuhuda kwamba Mungu ameniponya mgongo, huwa naitikiwa kama watu wanaosafisha koo.

Wakati wa chai binti akamwendea, akamsimulia askari wa Farao. Jamaa akacheka vizuri, sikatai. Halafu akamwambia kwamba armadilo wa Texas akizaa, huzaa wanne. Si watatu, si watano, karibu kila mara ni wanne, na wote wanafanana kabisa, kwa sababu wametoka kwa yai moja lililojigawa. Wote wavulana ama wote wasichana.

Kwa gari nilisema huyo mtu ameokoka lakini ni mwongo. Mke wangu ni nesi, alikuwa ametoka shifti akapitia kanisani, kichwa kimelala kwa kioo. Akasema bila kufungua macho, "Ni kweli, baba watoto."

Sikuamini. Kazini nikamuuliza mzee mmoja fundi wa mabasi, Mtexas wa kuzaliwa shambani kwa ng'ombe. Akaniangalia kama nimemuuliza kama maji yana umajimaji. Wanne, akasema, kila mtu anajua.

Fikiria uchungu wangu. Miaka yote nimejenga uongo kwa jasho, natia chumvi hapa, nachonga pale, halafu mtu anatokea Houston na ukweli mrefu kuliko uongo wangu wote ukiupanga foleni. Nilitamani ningekuwa nimeutunga mimi.

Kutoka siku hiyo maswali yalihama nyumba. Mtoto alikuwa anayabeba wiki nzima kama mayai, akingoja Jumapili. Mimi nikimuuliza, mama, hakuna swali leo? Ananiambia kwa Kizungu chake cha Texas kwamba liko, lakini atamuuliza Mwalimu. Hata swali dogo, la mbona kitunguu kinaliza mtu! Kitunguu, na mimi ndiye nakata.

Basi nikatafuta mtego. Nilikuwa nimeona kwa TV Wazungu wakigombana juu ya sura moja ya kitabu cha bayolojia, ile inayosema wanyama walitokana na wengine, polepole, kwa miaka usiyoweza kuhesabu. Nikajiambia, hapa. Akisema ni kweli, kanisa litamla mbichi. Akisema ni uongo, binti yangu atajua anafundisha Jumatatu asichokiamini Jumapili. Mtego wenye meno pande zote mbili.

Ushirika wa Jumamosi ulifanyika kwetu. Baada ya maombi kuna desturi ya maswali, mchungaji akiwa kwa kiti kile kizuri. Nikainua mkono, sauti tamu kama asali. Mwalimu, nisaidie mimi mtu asiyesoma. Huyu armadilo na kakakuona wetu, ni ndugu waliopotezana, mmoja akaja Amerika kama sisi? Ama Mungu aliumba kila mtu kivyake?

Mchungaji alirudisha mandazi kwa sahani. Jamaa akaangalia Biblia yake kwa magoti, akamwangalia binti yangu aliyekuwa mlangoni na thamosi ya chai.

"Sijui," akasema.

"Hujui, ama unamwogopa mchungaji?"

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Mzee wangu, wacha niseme ukweli. Hiyo sura huwa naipitia mbio. Naisukuma mpaka siku za mwisho kabla ya likizo, watoto wakiwa wamechoka. Watu wanadhani ni juu ya wokovu, na mimi nawaacha wadhani. Lakini si wokovu. Siijui vizuri. Chuoni tuliikariri tukapita mtihani. Mtoto akiuliza swali la pili, nimekwisha."

Mchungaji akakohoa, akasema siri za Bwana ni nyingi, tuimbe. Nikaimba mimi! Niliimba mpaka majirani wakafunga madirisha. Nilikuwa nimemwangusha mbele ya watu wote na thamosi yangu mwenyewe ikishuhudia. Lakini katikati ya ubeti nikasikia sauti ndogo ikiuliza, basi tutajuaje? Binti alikuwa amechuchumaa karibu na kiti cha Mwalimu. Na jamaa anamjibu, tutasoma. Mama yako akikubali, kuja Jumamosi kwetu, mke wangu atatupikia, tuanze mwanzo wa hiyo sura wote wawili.

Ona dunia hii. Mimi niliyejua kila kitu nimepoteza mtoto, yeye asiyejua amempata.

Na dereva wa kumpeleka ni nani? Mimi. Kila Jumamosi mpaka Vickery Meadow, kwa zile fleti zilizobanana, watoto wa Wakongo wakipiga mpira katikati ya magari. Walikuwa wanasomea kibarazani, mke wake akiwaletea chapati. Nilikaribishwa, nikakataa, nikakaa kwa gari na gazeti nisilolisoma, joto likinikaanga pande zote. Sikio langu lilirefuka likavuka parking lote. Nilimsikia jamaa akisema, aa, hapa nilikuwa nimekosea miaka yote, halafu anacheka. Mtu anacheka kukosea! Mimi nimekosea tangu nizaliwe na sijawahi kufurahia hata mara moja.

Siku moja nikamuuliza, sasa Mwalimu, na Mungu umemwacha wapi? Akaniambia alisali kabla ya kufungua hiyo sura, akasali alipoifunga, na Mungu alikuwa bado hapo.

Mwishowe binti akaja kwa gari na jibu la armadilo na kakakuona. Si ndugu wa karibu, Baba. Wamefanana juu ya kazi, wote wanatafuta wadudu kwa mchanga, wote wanahitaji gamba. Ukoo ni mbali kabisa. Nikamwambia, kumbe ni kama mimi na yule dereva Mhabeshi, abiria wanatuchanganya juu ya shati la kampuni. Akacheka, kile kicheko changu cha zamani, moyo ukaruka. Nikatafuta soda nimpe. Kabla sijapata, mlango umefunguka.

"Ngoja nikamwambie Mwalimu hiyo."

Akarudi akihema, ati Mwalimu ameipenda, ataitumia darasani. Unaona? Hata shati langu amelichukua.

Nikawasha gari. Tulipofika barabara kuu, kando hapo kulikuwa na armadilo mmoja, chali, miguu juu. Binti akamwangalia mpaka tukampita.

"Baba, nipe ile ya askari wa Farao."

"Si umejua si kweli?"

"Nilijua kitambo. Nipe tu."

Nikampa, na siku hiyo sikuacha chumvi dukani. Nikasema yule askari alipotupwa ufukweni Galveston alioa, akapata wana wanne wanaofanana kama sarafu, mama yao akashindwa kuwatofautisha, akawapa jina moja, na kila jioni akiita, wa mwisho kufika ndiye anaosha vyombo.

"Hao wanne ni wa Mwalimu," akasema.

"Walikuwa wake," nikamwambia. "Sasa wanaishi kwetu."