Nilifungua Barua za Nasimiyu, Kisha Nikafuta Kazi Yake

Nilikosea mimi. Sikutumwa na mtu, sikuwa nimelewa, sikulazimishwa. Naanzia hapo ili usinihurumie kabla hujasikia nilichofanya.

Mimi ni kijana wa Mabanga, kaunti ya Bungoma. Miaka mitatu iliyopita nilipata nafasi ambayo nyumbani kwetu ilichinjiwa kuku. Kampuni moja kubwa ya mbegu, yenye makao Kitale na bohari Bungoma, ilichukua wanagenzi wawili wa teknolojia. Siku nne unafanya kazi katika ofisi ya kompyuta, siku ya tano unaingia darasani chuoni, na baada ya miaka mitatu una shahada. Wawili hao tulikuwa mimi na msichana mmoja wa Chwele. Hapa nitamwita Nasimiyu.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Hamisi, mtu mpole ambaye kwao ni Bungoma mjini, karibu na msikiti. Mimi alinipa kazi ya kuwafungulia wafanyakazi barua pepe na kutunza nakala za kazi zote, ili kompyuta ikiharibika kitu kisipotee. Maana yake ni kwamba ningeweza kufungua barua za mtu yeyote katika kampuni ile. Bwana Hamisi alijua hivyo, na alinipa tu. Aliniamini.

Mwaka wa kwanza mimi na Nasimiyu tulikuwa kama ndugu. Alinielewesha hesabu za chuo, nami nikamfundisha kuunganisha nyaya. Mchana tulikula meza moja.

Mwaka wa pili mama akaugua figo. Ikabidi awe anasafishwa damu mara mbili kwa wiki Bungoma mjini. Baba alishafariki, dada yangu ameolewa mbali, kwa hivyo wa kumpeleka nilikuwa mimi. Nikawa natoka Kitale, nampeleka, narudi. Kazini nachelewa, darasani nasinzia. Nilimwambia Nasimiyu peke yake, nikamwomba asiseme kwa mtu. Sikutaka Bwana Hamisi afikirie nimeshindwa.

Hapo ndipo shaka ilianza kunila.

Kwanza, jamaa mmoja wa stoo aliniambia ati kampuni itabakisha mwanagenzi mmoja tu. Sikumuuliza alikoipata habari hiyo. Niliibeba tu.

Kisha siku moja niliingia ofisini nikakuta Nasimiyu na Bwana Hamisi wanaongea, na waliponiona wakanyamaza. Kesho yake Bwana Hamisi akaniuliza kama nyumbani wako salama, akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hakuwahi kuniuliza hivyo. Wiki iliyofuata ratiba ya mwezi ujao ikabandikwa ukutani. Jina la Nasimiyu lilikuwa kila mahali. Langu halikuwepo kabisa.

Nilianza kumchunguza. Akipokea simu akatoka nje, nahesabu dakika. Akicheka na watu wa uhasibu, naona ni mimi wananicheka. Chakula cha mchana nikawa nakula peke yangu, nasingizia kazi nyingi. Naye aliniambia, bila hata kuulizwa, "Wewe tulia tu bana, mambo yako yatakuwa sawa." Nikajiuliza, mambo yangu yapi? Anajuaje?

Jumanne moja mchana, yeye akiwa ameenda kula, nilifungua barua zake.

Iliyokuwa juu ilikuwa imeandikwa kwa Bwana Hamisi. Maneno yake ninayo kichwani mpaka leo: "Naomba ahamishwe kutoka Kitale kabla mwezi haujaisha. Hali hii inamshinda. Tafadhali asijue kwamba ni mimi nimeleta jambo hili."

Chini yake kulikuwa na barua nyingine, ya wiki iliyotangulia, kwa mtu yuleyule. Sikuifungua. Nilikuwa nimeshapata nilichokuwa nakitafuta.

Nasimiyu alikuwa akitengeneza programu ya kumalizia masomo ya mwaka. Iliwawezesha makarani wa bohari ya Bungoma kuandika mbegu wanazoagiza wakulima hata mtandao ukipotea. Alikuwa ameifanyia kazi miezi minane. Alhamisi ya wiki hiyo wahadhiri walikuwa wanakuja kuiona.

Jumatano, saa ya chakula, niliifuta. Kisha nikafuta na nakala. Nakala ile ilikuwa chini ya ulinzi wangu, jamani! Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai, halafu nikaenda kula, na nikashiba.

Alhamisi wahadhiri wawili waliketi na Bwana Hamisi mbele ya kompyuta ya Nasimiyu. Mwenyewe alifungua, akatafuta, akafungua tena. Akasema kwa sauti ndogo kwamba haipo. Kisha uso wake ukapata nuru, akanigeukia.

"Lakini nakala si unayo wewe?"

Chumba kizima kiliniangalia. Nikasema, "Ngoja nitazame." Nikakaa pale nikijifanya natafuta kitu nilichokizika mwenyewe. Hatimaye nikamwambia hata nakala haionekani. Hakupiga kelele. Alisema, "Basi, si kosa lako," akakunja daftari lake. Hakupewa alama yoyote, na chuo kikamwambia arudie mwaka.

Jumatatu Bwana Hamisi aliniita, akanipa barua ya uhamisho wa kwenda bohari ya Bungoma. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Akaniwahi.

"Mshukuru Nasimiyu," alisema. "Nafasi ya Bungoma ilikuwa yake. Ana mtoto mdogo Chwele, analelewa na nyanya, na alitaka kuwa karibu naye. Amekuachia wewe, upate kumwangalia mama yako. Alinisihi usijue, kwa sababu ulimwomba asiseme."

Nilitoka nikarudi kwenye kompyuta yangu, nikaifungua ile barua ya kwanza, ambayo siku ile sikuisoma. Alikuwa ameeleza kila kitu: safari zangu, usingizi wangu darasani, ugonjwa wa mama. Alimalizia hivi: "Ni kijana mzuri sana wa kazi. Tusimpoteze."

Pale ndipo ningetubu. Sikutubu! Niliichukua ile nafasi yake, nikaenda Bungoma kama mtu asiye na hatia.

Mama alipata nafuu kwa sababu nilikuwa karibu. Nilimwambia nafasi ile ametuachia Nasimiyu, naye akawa anamwombea kila jioni, hata akamtumia njugu karanga kupitia kwangu. Mimi nilikuwa siwezi kula. Zamani nilishuku watu wananipangia mabaya, sasa nikashuku wote wamenijua. Simu ya Kitale ikilia, naiacha ikatike. Karani akinisalimia, natafuta maana nyingine katika salamu yake.

Haikuchukua hata miezi miwili. Kampuni ilileta wakaguzi wa mitambo ya kompyuta, na mitambo huandika kila kinachofutwa: nani, siku gani, saa ngapi. Jina langu lilikuwa pale, Jumatano, saa ya chakula.

Niliitwa Kitale. Nasimiyu alikuwa ndani ya chumba. Watu wa kampuni walisoma walichokiona, nikakubali. Kisha wakamuuliza yeye kama ana neno.

"Nilikukosea nini?" aliniuliza.

Nikamweleza habari ya barua, na nilivyoielewa.

"Ungeniuliza," akasema.

Nilifukuzwa siku hiyohiyo, na chuo kikanitoa. Bwana Hamisi alinisindikiza hadi getini. Nilitamani anitukane.

Mama nilimwambia mwenyewe, akiwa amelala kwenye kitanda cha hospitali, mashine ikimsafisha damu. Hakunikaripia. Aliomba namba ya Nasimiyu, akampigia pale pale, nikiwa nimeketi kando yake.

"Mulembe, mwanangu," alimsalimia kwa lugha ya kwetu. "Mimi ni mama yake huyu. Naomba unisamehe, mimi ndiye nimemzaa."

Nilimwona mama yangu mgonjwa akiomba msamaha wa kosa langu. Nafasi niliyopoteza inaniuma, lakini hilo linaniuma zaidi.

Nasimiyu alimaliza mwaka wake wa marudio, na nasikia sasa yuko Bungoma karibu na mtoto wake. Namshukuru Mungu kwa hilo. Mimi natengeneza simu kwenye kibanda Kanduyi. Kila wiki anakuja mtu na simu ya mke au ya mume, ananiinamia na kuninong'oneza ati nimfungulie asome meseji. Namrudishia simu yake. Wengine wanadhani nataka waongeze pesa.

Wewe unayesoma hapa, labda kuna mtu unamshuku kazini kwako au nyumbani kwako. Umeona dalili, umeziunganisha, na zote zinakubaliana. Hata zangu zilikubaliana. Usifungue simu yake, usisikilize watu wa stoo. Mwendee umuulize, hata kama sauti itatetemeka. Mimi na Nasimiyu tulitenganishwa na meza moja tu, na kwa wiki zote zile sikunyoosha shingo kumuuliza.