Kinundu Kilichonywea Jumapili

Maganda ya kahawa yakilala siku mbili hutoa harufu ya uchachu, na kwangu harufu hiyo ndiyo msimu ule mzima, kwetu Mbozi, nikiwa darasa la sita. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha mpini wa mashine ya kumenyea kahawa kila jioni. Katikati ya msimu kikaota kinundu juu ya kifundo cha mkono wa kulia, kwanza kama punje ya njegere, kikakua kama gololi. Nikikunja mkono panauma. Vidole vikawa vinaingia ganzi, kalamu inanidondoka shuleni. Nilichotaka ni kuaminiwa tu, nipumzishwe hata wiki moja.

Sijui kama naeleza vizuri, ila niseme kwa haki: mama hakuwa mkatili. Alishinda shambani, nafasi ya kunikagua aliipata Jumapili tu, baada ya ibada. Na Jumapili hatumenyi kahawa. Mkono ukishapumzika, kinundu kilinywea, kikabaki kiduchu. Mama akakibonyeza, akanitazama usoni. “Neema, uvimbe gani huu unaojua siku ya kanisa?” Kaka yangu Ezekia akacheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo akaniita Mzee wa Kanisa. Alhamisi kilikuwa kimejaa tena. Nikamfuata mama jikoni, akasema nisubiri Jumapili atakiangalia vizuri kwenye mwanga. Nililia kwa hasira. Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi kila nilipoitwa kuwaonyesha, kunguni wangu walikuwa wamejificha.

Mwaka huu, nikiwa mtu mzima, kimerudi palepale. Daktari wa zahanati, hapa Tunduma ninapoishi, alikimulika tochi ubavuni, mwanga ukapenya. Akasema ni kifuko cha majimaji mazito kama ute wa yai, yatokayo kwenye kiungo. Si saratani. Mkono ukifanya kazi kinaweza kujaa, ukipumzika kinapungua. Ganzi huja kikibana mshipa wa fahamu. Nisikipige wala kukitoboa. Kikizidi kusumbua kuna sindano ya kufyonza au upasuaji, ingawa kinaweza kurudi. Maelezo ya dakika chache tu, basi.

Nikampigia mama nikamweleza. Akasema, “Kumbe ulikuwa unaumwa kweli, mwanangu.” Siku hizi ukiuliza unajibiwa, zamani mama angemuuliza nani? Simlaumu. Lakini neno lile nililihitaji nikiwa na miaka kumi na miwili. Limefika, nimelipokea, na hasira haijatoka. Sijui kama ni haki.