Tumbo Ndani ya Nyumba Yetu

Harufu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, inayochemka jikoni kwangu imenirudisha nyumbani Runzewe, siku niliyolia kwa sababu mfumo wa mmeng'enyo wa chakula ulikataa kuingia kichwani. Kesho yake mwalimu angeniita mbele ya darasa niutaje. Dada yangu mkubwa aliacha kumenya viazi, akanishika mkono.

"Usikariri, mdogo wangu. Tembea nao. Huu mlango ndio mdomo."

Korido ikawa umio, jiko likawa tumbo, na kamba ndefu ya kuanikia nguo ikawa utumbo mwembamba. Tulizunguka tukicheka mpaka hofu ikaniisha.

Darasani nilifumba macho, nikaingia nyumbani kwa mawazo, nikavitaja viungo vyote bila kukwama.

"Mpigieni makofi," mwalimu akasema.

Mchana dada alikuwa ananingoja njiani. Nilimkimbilia nikamkumbatia kabla hajauliza.