Suti Ambayo Mama Hakuwahi Kuvaa

Mimi hupiga picha za vioja vya kila siku na kuwawekea watu kwenye status. Mbuzi aliyepanda kiti cha pikipiki pale Malili na kukataa kushuka. Kuku aliyetagia ndani ya ngoma ya kwaya, na kwaya ikaimba bila ngoma mpaka vifaranga wakatoka. Hakuna anayenilipa. Mchana nauza vipuri vya baiskeli katika soko la mji wa Wote, na kamera yenyewe niliipata ikiwa imeshatumiwa na wengine.

Picha niliyoipenda kuliko zote ni ya mama yangu, nyumbani Zombe. Alikuwa amepiga magoti kwenye mto uliokauka, akichota maji katika shimo alilochimba mwenyewe mchangani. Kata ikatoka na chura. Mama akacheka. Alikuwa hana meno ya mbele, na miaka yote alikuwa akiziba mdomo kwa kiganja anapocheka, lakini siku hiyo mkono mmoja ulishika kata na wa pili ulimshika chura. Nikabonyeza. Alipoiona picha alinigombeza kidogo, halafu akaomba aione tena.

Alipofariki, ndugu yangu mkubwa alikuja kutoka Nairobi akawa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Ilitakiwa picha ya kusimamishwa kando ya jeneza. Nikamwonyesha hiyo kwenye simu yangu. Aliitazama kwa muda, akanirudishia simu.

"Mama hawezi enda na hii," akasema. "Kanisa lote litasema tulimwacha ateseke huko mchangani."

Nilimwambia litakuwa limesema kweli. Tangi la maji alikuwa akimwahidi kila Krismasi, na kila Januari mama alirudi mtoni na mtungi wake.

Picha nyingine iliyokuwepo ni ya kitambulisho, nayo ilikuwa imefifia. Basi akaipeleka hiyo yangu studio, mjini Kitui. Kule suti ziko tayari kwenye kompyuta, za wanaume na za wanawake, na marehemu wengi wa kwetu huagwa wakiwa ndani ya suti hizo hizo. Fundi alimkata mama shingoni, akakibandika kichwa juu ya mwili wa mwanamke mnene mwenye suti ya samawati na mkufu. Kitambaa cha kichwa kikaondolewa, nywele zikawekwa. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa wazi, akamjazia meno. Ndugu yangu alimsifu sana fundi huyo. Mimi nilichukia, na mpaka leo nachukia. Mama alikuwa mwembamba, na kama suti ilikuwepo ya kumpa, mbona ilingoja afe?

Siku ya mazishi watu walipita mbele ya picha wakisema mama amependeza. Jirani yake, mwanamke mzee waliyekuwa wakichota maji pamoja, alisimama hapo akaangalia, kisha akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama amekosea boma, maana alisikia kuna msiba mwingine ng'ambo ya mto. Nikamwambia ni hapa. Akageuka kuitazama tena.

"Na huyo ni nani?"

Nikamwambia ni mama. Akakaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa karibu. Halafu, kwa Kikamba, akaniomba nimpige picha hapo hapo alipo, akiwa na akala zake, viatu vya tairi, miguuni na vumbi la njiani.

"Nipige sasa," alisema, "kabla hawa wanangu hawajanitafutia suti. Picha uiweke wewe, usiwape."

Akatulia kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Nilikuwa nimeinua kamera wakati binti yake alipoona, akaja mbio, akampangusa uso na kumfunika miguu kwa leso yake mpya.