Matanga ya Mtu Aliye Hai

Simu ya mdogo wangu wa kike iliingia nikiwa naegesha gari nje ya ghala ninakofanya kazi, Okolona, hapa Louisville, kabla zamu ya asubuhi haijaanza. Yeye anakaa Columbus. Hakunisalimia.

"Yaya, moyo yake ilisimama."

Yaya ndivyo tunavyomwita mkubwa. Tuko watatu. Baba tulimzika milimani, Kivu ya Kusini. Mama alifia katika kambi ya wakimbizi, nikaacha shule darasa la tano nikawalea hawa wawili. Aliyesimama moyo ni kitinda mimba wetu. Alikuwa amelazwa katika hospitali moja ya Buffalo kwa homa ya mapafu, baada ya kuipuuza na kuendelea kwenda kiwandani Tonawanda.

"Ilisimama, halafu?"

"Wakamukandamiza kifua, wakamupiga na umeme, ikarudi. Saa hii anapumua na mashine. Haamuke."

Nikamwambia msimamizi wangu kwamba siingii, nikageuza gari. Sikuomba, sikulia. Nikiogopa, mikono yangu hutafuta kazi, na siku hiyo kazi ilikuwa usukani. Nilipanga kumchukua mdogo wangu Columbus, kisha twende wote Buffalo.

Columbus nilikuta magari yamejaa pande zote mbili za mtaa wake. Sebuleni makochi yalikuwa yametolewa, viti vya kanisa vimepangwa kuzunguka ukuta. Akina mama walikaa chini wamenyoosha miguu, vitenge vimefungwa kiunoni. Juu ya meza ya televisheni palikuwa na picha ya mdogo wetu akiwa amevaa suti, na maua ya plastiki kando yake.

Mdogo wangu alikuwa amemwambia mke wa mchungaji tu. Mke wa mchungaji aliwaambia wanakwaya. Hakuna aliyedanganya. Kwetu milimani hakuna aliyewahi kuona moyo ukisimama kisha ukaanza tena. Moyo ukisimama, wanaume huchukua majembe. Kwa hiyo watu wale walifanya wanachofanya watu wema: walikuja bila kuitwa.

Mzee wa jamii yetu akanipa mikono miwili. "Pole, mama. Bon, mukubwa wa familia amefika. Tulikuwa tunakungoja juu ya mipango."

"Mipango gani, mzee? Hakuna mutu alikufa hapa."

Shangazi mmoja wa ukoo akanishika bega. "Anakataa juu ya uchungu. Mumuache. Hata mimi kwa bwana yangu nilikataa."

"Shangazi, anapumua."

"Mashine ndiyo iko inapumua, mwanangu."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu tangu Louisville nilikuwa nalikimbia hilo hilo. Nikaenda mezani, nikachukua picha, nikaitia ndani ya mkoba wangu.

"Muinuke, tafadhali."

Hakuna aliyeinuka. Kisha mwanamume mmoja wa pembeni, mwenye sahani magotini, akauliza, "Na hii maharagi, yaya?"

"Kula. Maharagi haina kosa."

Mtu akacheka, akajiziba mdomo. Lakini mzee hakutoka kitini. Matanga yakishakaliwa hayaachwi hivi hivi. Lazima mkubwa ayaanue kwa maneno, na maneno hayo humtaja marehemu, alichoacha, na nani atashika nafasi yake. Akajikuna chini ya kofia.

"Sijawahi kuondosha matanga ya mutu muzima, mwenye anapumua. Niseme nini?"

"Useme mulikuja kutusalimia, mzee. Na sasa munaenda."

Akasimama, akavua kofia, akasema hivyo hivyo, bila kuongeza neno. Wakabeba viti vyao wakatoka, na mlangoni kila mmoja bado alinipa pole, maana huwezi kujua.

Njiani simu hazikunyamaza: Bujumbura, Nairobi, Texas. Mdogo wangu alijibu, "Hapana, iko muzima," akalia, akajibu nyingine. Tulipopita Erie mvua iligeuka theluji.

"Yaya, na kama wale wa matanga walikuwa na haki?"

"Kunywa maji," nikamwambia.

Tulimkuta amelala kifua wazi, bomba mdomoni, amezungushiwa mifuko yenye maji baridi. Mdogo wangu alimgusa mguu, akauachia haraka. "Ni baridi." Akafungua kitenge chake amfunike. Muuguzi akamzuia mkono kwa upole. Mkalimani akatufafanulia kutoka kwenye kioo cha kompyuta, kwa Kiswahili laini cha Tanzania: wanaupoza mwili makusudi ili homa isizidi kuumiza ubongo. Baadhi ya mbavu zilivunjika alipokandamizwa kifua. Kuhusu ubongo hawatasema lolote mpaka dawa za usingizi zimtoke mwilini.

Kisha daktari akauliza: moyo ukisimama tena, yeye mwenyewe angetaka arudishwe?

Wote wakanitazama. Kwetu hakuna anayemuuliza kijana swali la namna hiyo, kwa hiyo sikujua angejibu nini.

"Mumrudishe," nikasema. Halafu nikatoka, nikatembea ukumbini kwenda na kurudi, nisijue kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia mimi.

Wakampasha joto polepole, wakapunguza dawa. Asubuhi moja akaanza kukohoa akipambana na bomba, wakalitoa. Akanitazama. "Yaya," akasema kwa sauti iliyokwaruza. Mdogo wangu akaruka. Kisha mgonjwa akauliza, "Mama iko wapi?"

Kwetu habari ya kifo haipewi mtu mwenye njaa. Walipomruhusu kumeza nikamlisha uji kwa kijiko, taratibu, ndipo nikamwambia. Alilia ameshika mbavu. Nilidhani tumemaliza. Baada ya chakula cha mchana akauliza tena, kwa uso ule ule wa kwanza.

Muuguzi alisema ubongo uliokosa hewa huweza kurudi vipande vipande, au ukaishia hapo. Hakuahidi kitu.

"Umudanganye tu, yaya," mdogo wangu akaniambia. "Useme iko nyumbani."

Sikuweza. Nilimzika mama mara moja, na sasa nilikuwa namzika kila baada ya chakula. Nikaanza kuogopa kijiko. Nikiona sinia linakuja nilisimama, nikakaa, nikarekebisha shuka lisilohitaji kurekebishwa.

Siku moja nikachota uji kama kawaida. Akatazama kijiko, hakufungua mdomo.

"Mama..."

Mkono wangu ukasimama.

"Mama alikufa kule kambini," akasema. "Uliniambia jana."

Akageukia ukutani, akalia. Nilipaswa kumshika. Badala yake nilikimbia ukumbini, ambako mdogo wangu alikuwa anatoka kwenye lifti, nikapaza sauti mbele ya watu wote:

"Amekumbuka! Amekumbuka mama alikufa!"

Akapiga vigelegele pale pale, na wauguzi wakageuka kututazama. Ndipo nikarudi ndani kumshika, maana alikuwa bado analia.