Damu Iliyotangulia Kusema

Walimwita Polepole, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa mwalimu wa udereva, na neno hilo halikumwisha mdomoni tangu gari linapowashwa mpaka linapozimwa, hata mwanafunzi akiwa anaufuata ukuta. Kumbe miaka yote hiyo vali moja ya moyo wake ilikuwa ikichoka kimyakimya, hadi kufunga kamba za viatu tu kukawa kunamtoa jasho.

Madaktari walisema vali ibadilishwe, naye akakubali bila ubishi. Aliyemtia wasiwasi ni daktari wa utafiti, mama mmoja mpole, aliyemjia wodini siku ya kuamkia upasuaji akiomba damu ya ziada.

"Si mlinitoa jana? Mnaipeleka wapi yote hiyo?"

"Maabara, mzee wangu. Kuna wagonjwa ambao baada ya upasuaji mapigo ya moyo huenda ovyo. Tunatafuta ndani ya damu viashiria vya kutuonya mapema."

"Na mkikuta ni mimi?"

"Tutakuanzishia dawa na kukuangalia kwa karibu zaidi. Ila sikufichi, bado tunajifunza. Damu inaweza kuonya, na lisitokee lolote."

Polepole akanyoosha mkono, uso kaugeuzia dirishani.

Jioni daktari alirudi. Viashiria vya moyo kulemewa vilikuwa juu, na vya uvimbe mwilini vilevile. Polepole alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama watoto asijue. Hatalala."

"Siri ni yako," daktari alijibu. "Lakini ningekuwa mimi mkeo, ningekununia mwaka mzima."

Asubuhi, mkewe alipokuwa akimkunjia shati, Polepole uvumilivu ulimwishia, akamweleza. Mama watoto aliendelea kukunja mpaka mikono ya shati ikalingana.

"Ulitaka nije nishtukie hapahapa? Tumezeeka wote, leo ndiyo unanifanya mgeni?"

Akatoka kumtafuta daktari. Aliporudi alikuwa anajua hali hiyo huanzaje, dawa yake ni ipi, na kengele ya muuguzi iko upande gani wa kitanda.

Upasuaji ulikwenda salama. Jirani yake wa kitanda alifunguliwa nyaya za mashine ya mapigo mapema, akawa anazunguka wodi nzima kama mwenye nyumba. Polepole, kwa lile onyo la damu, aliachwa na zake.

"Wamenifunga kama redio mbovu," alinung'unika.

"Redio mbovu ingekuwa imenyamaza," mkewe akamjibu.

Siku moja asubuhi mama watoto alikuwa akimvisha soksi, na yeye anamsimulia mwanafunzi aliyewasha waipa akidhani ni taa. Ghafla akakatiza.

"Kuna kitu kinarukaruka humu kifuani."

Mashine ikaanza kulia. Mkewe akabonyeza kengele kwa mkono mmoja, wa pili bado umeshika mguu wa mumewe. Muuguzi alikuwa keshafika mlangoni.

"Ndiyo ile tuliyoisema," alisema kwa utulivu, akiandaa dawa. "Tulikuwa tunaingojea."

Wakakaa wakitazama kioo cha mashine, mistari ikipishana bila mpango. Kabla ya chakula cha mchana ilianza kufuatana sawasawa. Polepole akajifuta macho kwa shuka.

"Niliogopa, mke wangu."

"Najua. Mguu ulikuwa wa baridi kama bomba."

Alitoka hospitali akitembea mwenyewe. Miezi michache baadaye yule daktari alimpigia simu: kuna mgonjwa, bibi mmoja mwalimu mstaafu wa hesabu, hataki kabisa kusikia damu yake inasema nini. Je, angeweza kupita amwone?

Polepole alipita. Hakumhubiria. Alivuta kiti akamweleza namna alivyoogopa, namna mashine ilivyolia na watu wasikurupuke, kwa kuwa walishajiandaa. Bibi yule alimsikiliza huku amekunja mikono.

"Kwa hiyo kujua hakukuondolea woga?"

"Hata kidogo. Ila sikuogopa peke yangu."

Bibi akakunjua mikono. Kisha akamwita binti yake aliyekuwa kasimama kwenye korido. "Ingia, mama," alimwambia. "Njoo usikie na wewe."